Je, tuache nyumba ya kupanga Dodoma tukaishi kwenye boti Tanga?

*"Shikamoo mzee wangu. Nina miaka 34, naishi Ilazo hapa Dodoma. Naandika programu za kompyuta kwa kampuni ya Ujerumani, kazi yote naifanya kwa mtandao, na kila siku tuna kikao cha video saa tisa alasiri. Nimepata boti ya matanga, ya faiba, mita 10, imetengenezwa mwaka 1986, ipo Tanga. Mwenyewe anataka milioni 58. Akiba yangu ni milioni 70. Mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne tunalipa kodi ya laki nne kwa mwezi. Nimepiga hesabu: tukihamia kwenye boti kodi inakufa, umeme tunapata kwenye jua, maji kwenye mvua, intaneti kwenye simu, na tunaweza kwenda Pemba, Unguja hadi Mafia huku nikifanya kazi. Mke wangu anaogopa. Mimi kuogelea najua kidogo tu. Niambie ukweli, inawezekana au najidanganya?"*

Marahaba, mwanangu. Inawezekana. Mimi mwenyewe niliishi kwenye boti ya matanga miaka mitatu, sehemu kubwa nikiwa Tanga na Mikindani, na nilikagua vyombo vya watu pwani nzima kabla ya kuhamia huku Dodoma. Kwa hiyo sitakwambia unaota. Lakini katika hesabu yako umeandika vitu vinne kana kwamba ni vya bure, na hakuna hata kimoja cha bure. Tena kuna kitu ambacho hukukiandika kabisa, nacho ndicho kitakachoamua maisha yenu ya kila siku: mahali pa kutia nanga.

Mtu akiwaza boti anawaza tanga limejaa upepo. Anayeishi botini huku ana ajira, siku zake nyingi boti imesimama. Inasimama mahali penye kinga ya upepo, penye tope au mchanga chini, penye mnara wa simu unaoonekana, na penye ufuo wa kushukia kwa kihori (kimtumbwi kidogo) ukanunue mchicha na ujaze madumu. Mahali penye hayo yote kwa pamoja ni pachache kuliko unavyodhani. Mwenye pensheni atatia nanga popote patakapompendeza. Wewe mwenye kikao cha saa tisa, kazi ndiyo itakuchagulia.

Nianze na upepo. Pwani yetu ina kusi na kaskazi. Kusi huvuma kama Aprili hadi Oktoba, na ukali wake uko Juni, Julai na Agosti. Kaskazi huvuma kama Desemba hadi Machi, nao ni mpole zaidi ingawa joto lake si dogo. Katikati ni tangambili, upepo haujui uende wapi. Sasa, mahali palipotulia kama bakuli la maji wakati wa kaskazi, kusi ukiingia panaweza kuwa pa kurushwa usiku kucha. Ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi karibu pande zote, na upande wa magharibi wa Unguja na Pemba unakingwa na visiwa vyenyewe dhidi ya mawimbi makubwa ya bahari kuu. Kwingine utahama kwa msimu.

Na hiyo safari ya Mafia "huku nikifanya kazi" iangalie upya. Kutoka Tanga kwenda Mafia ni kuelekea kusini. Mkondo wa bahari katika pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa) au zaidi. Boti ya mita 10 upepo ukiipenda inatembea noti 5. Ukitoka Julai utakuwa unapiga bisho, yaani unakwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja, unatoka jasho siku nzima, na jioni mnazi uliouona asubuhi bado unauona. Wazee wa majahazi walikuwa wakingoja kaskazi ndipo washuke kusini, na walikuwa hawana bosi Ujerumani anayetaka wawepo hewani.

Kuna upepo mwingine mdogo wa kila siku ambao unakuhusu wewe hasa. Asubuhi nchi kavu imepoa kuliko bahari, upepo mwepesi unatoka bara, tunauita umande, na maji yanatulia. Kadiri jua linavyopanda nchi inapata joto upesi kuliko bahari, hewa ya nchi kavu inapanda juu, na ya baharini inaingia kushika nafasi yake. Upepo huo huwa na nguvu zaidi alasiri. Yaani saa tisa, saa ya kikao chako, ndiyo saa ambayo boti inacheza kuliko saa zote. Wajerumani wakisogeza saa zao miezi ya joto kikao kitarudi saa nane kwetu, na hali ni ileile. Ukiweza kuwaomba wahamishie kikao asubuhi yao mapema, waombe kabla hujanunua hata kamba.

Nanga yenyewe ina hesabu yake, na mtu wa bara hukosea hapa kwa sababu hajazoea maji yanayopanda na kushuka. Nanga haishiki kwa uzito. Inashika kwa kuvutwa ikiwa imelala, ili ncha yake izidi kuzama topeni. Mnyororo ukiwa mfupi unaivuta kwenda juu, nayo inang'oka. Kwa hiyo tunatoa mnyororo mara tano ya kina ukijumlisha na kimo cha omo (mbele ya boti) juu ya maji, au zaidi upepo ukiwa mkali. Usiku mmoja Tanga nilitia nanga maji yamekupwa, kina mita 3, omo yangu mita 1 juu ya maji, nikatoa mita 25 za mnyororo. Mara sita na zaidi, nikalala nimeridhika. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupanda na kushuka kuliko kawaida. Hapo maji hupanda karibu mita 4. Kufikia saa kumi usiku zile mita 3 za kina na 1 ya omo zilikuwa zimekuwa 8, na mnyororo uleule umebaki mara tatu tu. Niliamshwa na sauti ya chuma kikisaga chini ya kitanda, kama mtu anaburuta jembe kwenye sakafu ya saruji. Nilipotoka juu, taa ya jahazi lililokuwa mbali nami ilikuwa karibu kiasi cha kumwona mtu aliyelala sitahani. Hesabu sahihi ilikuwa mita 40. Kila mahali utakapotia nanga uhesabu kwa maji yaliyojaa, na uhakikishe yakikupwa bado unaelea.

Tuje kwenye intaneti. Mawimbi ya simu yanakwenda kwa mstari kama mwanga, dunia ikipinda yanaachwa. Mnara wa mita 40 na simu iliyo mita 2 juu ya maji, kwa hesabu ya karatasi vinaonana hadi kama kilomita 32. Ukiweka antena mita 10 juu kwenye mlingoti unaongeza hadi kama 39. Halisi inakuwa pungufu, maana antena za minara zimeelekezwa kwenye watu na watu wako nchi kavu. Karibu na Tanga mjini, Unguja mjini, Kilwa Masoko au Mtwara utafanya kazi vizuri. Nyuma ya kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe, ile picha iliyokuvutia, hutapata hata ujumbe wa maandishi. Usinunue antena ya kuelekeza upande mmoja. Boti iliyotia nanga inazunguka kila maji na upepo vinapogeuka, na antena inabaki inatazama mikoko. Nunua inayopokea pande zote, weka modemu karibu nayo kwa sababu waya mrefu unakula mawimbi, na uwe na laini za mitandao miwili. Dishi la setilaiti usilinunue kabla hujawauliza TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kama huduma hiyo ina leseni nchini.

Umeme wa jua unawezekana kabisa, ila si kwa paneli moja. Kompyuta ya wati 50 kwa saa nane ni wati-saa 400. Modemu na simu 100. Friji ndogo ya volti 12 kwenye joto la pwani inakula 500 hadi 600 kwa siku. Taa, pampu ya maji na feni, weka 150. Hapo uko kwenye 1,200 hivi. Paneli za jumla ya wati 400 zitakupa kiasi hicho siku ya jua zuri, mradi kivuli cha mlingoti kisizikate katikati. Siku ya masika zitakupa nusu au chini yake, na masika si siku moja. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 200 inakubeba siku mbili bila jua. Za asidi zenye ukubwa huohuo zinakubeba moja, kwa sababu ukizitumia zaidi ya nusu unazifupishia maisha. Kiyoyozi kisahau.

Maji hayanitii wasiwasi kwenu. Mtu wa Dodoma aliyekaa mtaa wenye mgao, anayejua kuoga kwa nusu ndoo na kuyatunza maji ya kuoshea mboga yakasuuze jiko, amefuzu nusu ya shule ya ubaharia. Vyombo mtaosha kwa maji ya bahari na kusuuza kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kidogo. Lita 10 kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa, kupika na kusuuza mwili. Mvua itasaidia mkitandaza turubai, lakini kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni haba, na maji yenu yatakuja kwa madumu ya lita 20 kwenye kihori. Mnaijua kazi hiyo.

Kitakachowashangaza ni chumvi. Hapa Dodoma kiangazi unaanika shuka, ukimaliza kunywa chai limekauka. Vumbi letu linachafua kompyuta lakini ni kavu, unalipuliza linatoka. Chumvi ya bahari ni kitu kingine. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 inaanza kunyonya maji yenyewe na kugeuka tone, na pwani usiku unyevu unapita hapo kila mara. Tone hilo linapitisha umeme. Likiwa kwenye kichomekeo cha chaji, kati ya metali mbili tofauti, linafanya kazi kama betri ndogo inayokula metali moja polepole. Ndiyo maana kifaa kinakufa miezi mitano baadaye bila kuingiwa na maji hata siku moja. Kompyuta ikae kwenye sanduku lisilopitisha hewa, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani, kila isipotumika. Unawe mikono kwa maji baridi kabla ya kuigusa. Na uwe na ya akiba, nchi kavu, kwa mtu unayemwamini.

Kichefuchefu cha bahari nacho si udhaifu wa moyo. Sikio la ndani linamwambia ubongo kwamba mwili unayumba, jicho lililokodolea kioo cha kompyuta linasema umetulia, na ubongo unashindwa kupatanisha. Kusoma maandishi ndani ya boti ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuugua. Wengi huzoea ndani ya siku mbili tatu, wachache hawazoei kamwe, na huwezi kujua wewe ni yupi ukiwa Ilazo. Fanya kazi ukiwa katikati ya boti ambako mtikiso ni mdogo, kila baada ya dakika chache inua macho utazame upeo wa bahari. Tangawizi inawasaidia baadhi. Dawa zipo, ila nyingi zinaleta usingizi, na za mtoto zipangwe na daktari.

Sasa fedha, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kodi yenu kwa mwaka ni milioni 4.8. Sisi tunaokagua boti tuna kipimo cha kukadiria kwamba matunzo ya mwaka ni kama asilimia 10 ya bei ya chombo. Kwako ni milioni 5.8. Kodi haifi, inabadilisha jina. Na hiyo ni boti iliyotunzwa. Ya mwaka 1986, nyaya zinazoshikilia mlingoti zinatakiwa kubadilishwa kila miaka 10 hadi 15. Muulize muuzaji zilibadilishwa lini na akuonyeshe risiti. Ukitoa 58 kwenye 70 unabaki na 12. Nyaya, matanga na ukarabati wa injini vinaweza kuzimaliza kabla hujafika hata Pangani.

Ukienda kuitazama, shika bisibisi na ugonge sitaha kwa mpini, taratibu, kila baada ya kiganja kimoja. Sehemu nzima inatoa sauti kavu, *ko, ko*. Ukifika mahali sauti inakuwa butu kama kugonga papai bovu, mbao iliyo katikati ya faiba imelowa na kuoza. Fanya hivyo hasa kuzunguka shina la mlingoti na pale nyaya zinapoingia sitahani. Ikiwa imepwelezwa (imekalishwa nchi kavu), tazama chini ya mstari wa maji kama kuna malengelenge. Ulizia pia karatasi za forodha. Boti nyingi za namna hii ziliingia na wageni kwa muda, bila kulipiwa ushuru, na mnunuzi asiyeuliza anaurithi mzigo. Bei ikishuka ghafla ukitaja TRA, ondoka.

Kuna wanaosema bora mbao, fundi wa jahazi yupo kila kijiji cha pwani. Fundi yupo kweli, lakini mbao inaliwa na viumbe wa bahari wanaoitoboa na kuila ndani kwa ndani, inataka kalafati (kuzibwa nyufa) na kupwelezwa mara kwa mara, na hiyo ni kazi ya kutwa kwa mtu ambaye kutwa yake tayari ina mwajiri.

Kuhusu hofu ya mke wako: usiipuuze na usimtanie nayo. Anaona kitu cha kweli. Mtoto wa miaka minne sitahani avae jaketi la kuokolea muda wote, hata boti ikiwa imesimama, na kingo zote ziwekwe wavu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja nyumbani inaweza kutoka chini ya mlango, ikivuja kwenye boti inashuka na kutulia ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti), ikingojea cheche ya kwanza ya injini. Mtungi ukae kwenye sanduku la peke yake lenye tundu la kutolea nje ya boti, na valvu ifungwe kila mkimaliza kupika. Vimbunga si vya mara kwa mara kwetu, kwa kuwa karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauvipi nguvu ya kujisokota, lakini si kwamba havipo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Taarifa za TMA (mamlaka ya hali ya hewa) za bahari zisomwe kila asubuhi kabla ya barua pepe.

Njia ziko tatu ninavyoona. Kununua sasa sikushauri. Ya pili ni kupanga chumba Tanga au Mikindani, ukanunua mashua ndogo ya mwisho wa wiki. Kwa familia yenye mtoto wa umri huo, hii ndiyo ningeichagua ningekuwa wewe. Ya tatu, kama moyo umekataa kutulia, ni kumlipa mwenye boti akuruhusu ukae humo mwezi mmoja wakati wa kusi na mwingine wakati wa masika, huku ukifanya kazi kamili, bila likizo. Miezi miwili hiyo itakugharimu sehemu ndogo sana ya milioni 58. Ukiwa bado Dodoma unaweza kuanza hata leo: jifungie wiki mbili kwenye chumba cha mita mbili kwa tatu, umeme wa paneli na betri tu, lita 30 za maji kwa siku kwa wote watatu. Andika kila kilichowakera.

Yapo ambayo maandishi haya hayawezi kukufanyia. Boti ikaguliwe na mkaguzi asiyejuana na muuzaji, na iwe imetolewa majini. Usajili na vyeti vya usalama uliza TASAC (shirika la uwakala wa meli), na kwa upande wa Zanzibar Mamlaka ya Usafiri Baharini huko. Redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, ina leseni yake TCRA, na chaneli ya 16 ndiyo ya kuombea msaada. Ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia na ile ya Silikanti (aina ya samaki) pale Tanga kuna tozo, na nanga haitupwi juu ya matumbawe. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kina mafunzo ya kujiokoa majini, nendeni wote wawili. Mmoja wenu akiwa na pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au ujauzito, mwone daktari kabla ya yote. Na kuogelea "kidogo" hakutoshi: tafuta mwalimu na bwawa la hoteli hapa mjini, uendelee mpaka uogelee mita 200 ukiwa na nguo mwilini. Mabwawa ya maji yaliyotuama yaacheni kwa sababu ya kichocho.

Mkienda Tanga, nendeni wiki ya bamvua, na mke wako awepo. Fikeni maji yakiwa yamejaa, muione inavyopendeza, kisha msiondoke. Kaeni saa sita mpaka yakupwe, muone ilivyosogea, imekaa wapi, na mtatokaje na mtoto mgongoni kuvuka lile tope hadi sokoni. Halafu muombe mwenyewe mlale humo usiku mmoja, yeye mkeo achague kitanda. Bei iacheni hadi asubuhi, baada ya yeye kusema amelalaje.